Uliza Mwalimu: Utumwa wa Bagamoyo uliisha lini, na haki za binadamu ni mali ya nani?

Hamjambo wasomaji. Mwezi huu meseji zimejaa hadi simu yangu ikawa inaganda, nimechagua nne. Ya kwanza nitakaa nayo sana maana imenigusa mahali, hizo tatu nitazipitia mbiombio, wenyewe msinune.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana natembeza wageni hapa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, Karavanserai, Ngome Kongwe, misheni, mpaka magofu ya Kaole, huu mwaka wa nne sasa. Siku zote wageni nawaambia utumwa uliisha 1873 maana ndo nilivyowakuta wenzangu wanasema. Juzi nikapata mgeni mama mtu mzima wa Kijerumani, akanisikiliza mpaka mwisho alafu akaniambia taratibu tu, kijana, wazee wangu walitawala hapa na utumwa waliuacha uendelee kwa sheria, hiyo 1873 yako sio. Niliona aibu mbele ya kundi zima. Jioni nikaipeleka hiyo hoja kijiweni kwenye kahawa ikawa ugomvi, mzee mmoja akasema achana na haki za binadamu hayo mambo ya wazungu, na wazungu haohao ndo waliotufunga minyororo, mwingine akasema zimeanzia Uingereza, mwingine Uajemi, mwingine akasema Makka, karibu wamwagiane kahawa. Nisaidie Mwalimu, mwaka ni upi, na hizi haki zimeanzia wapi hasa? Kijana wa Dunda.

JIBU: Marahaba mwanangu. Aibu yako tugawane, mi mwenyewe nimefundisha 1873 miaka na miaka, kwa chaki ubaoni, na watoto wakaandika hivyo kwenye mtihani wakapata vema. Yule mama yuko sahihi.

Iko hivi. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Sayyid Barghash kule Unguja alisaini mkataba na Waingereza, John Kirk akiwa ndo balozi wao aliyemkalia kooni, kwamba kusafirisha watumwa baharini basi, na soko la Mkunazini lifungwe. Likafungwa kweli. Lakini soma vizuri: ni biashara, tena ya baharini. Aliyekuwa mtumwa asubuhi ile alilala mtumwa usiku ule, shamba lilelile na jembe lilelile. Na wafanyabiashara si wajinga, walipoona baharini kuna manowari za Waingereza wakapitisha misafara kwa miguu kufuata pwani, ndo maana 1876 Barghash ikabidi atoe amri nyingine ya kukataza misafara ya nchi kavu. Unguja na Pemba hali yenyewe ya utumwa iliondolewa kisheria tarehe 6 Aprili 1897, na hapo pia mtumwa hakuamka tu akajikuta huru, ilibidi aende mwenyewe kwa wakubwa akaombe, na masuria hawakuhesabiwa kabisa mpaka 1909. Hiyo habari ya masuria ishike, nitairudia.

Sasa huku kwetu bara. Mwaka 1889 bunge la Ujerumani lilipitisha maki milioni mbili, na sababu kubwa waliyoitangaza ilikuwa kukomesha biashara ya utumwa Afrika Mashariki. Zile hela ndo zilizomleta Wissmann, ofisa wa Kijerumani, na askari wake kuja kupigana na Abushiri aliyeongoza watu wa pwani kumpinga Mjerumani, na Abushiri akaja kunyongwa Pangani tarehe 15 Disemba mwaka huohuo. (Naye Abushiri tusimpake mafuta sana, alikuwa na mashamba na watumwa wake.) Basi Mjerumani kashinda vita ya kukomesha utumwa, kajenga boma, na utumwa akauacha. Aliogopa kuwaudhi wenye mashamba wa pwani aliokuwa anawahitaji wamsaidie kutawala. Akaweka kanuni kidogo kidogo, 1901 mtumwa akapewa ruhusa ya kujikomboa na siku mbili kwa wiki za kujifanyia kazi zake, wakatoa hati za uhuru kwa maelfu, alafu 1904 wakatangaza kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya tarehe 31 Disemba 1905 huyo ni huru.

Wageni wako waambie hiyo, usiwape tarehe tu. Chukua wajakazi wawili, nyumba moja hapo Bagamoyo mjini, wote wajawazito, mmoja kajifungua mwisho wa Disemba na mwenzie Januari wiki ya kwanza. Watoto wanalazwa mkeka mmoja, wanakula uji wa chungu kimoja, mmoja ana bwana na mwingine hana. Na mama zao wote wawili bado wana bwana.

Sheria ya kufuta utumwa Tanganyika nzima ilikuja 1922, chini ya Mwingereza. Miaka 49 baada ya ile 1873 yetu. Na haikuwa huruma tu ya gavana, Tanganyika ilikuwa imekabidhiwa kwa Waingereza na Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa, na karatasi ya makabidhiano ilidai watumwa waachwe huru. Kwa hiyo mara ya kwanza karatasi ya dunia kugusa nyumba za Bagamoyo ndo hiyo, na jibu la swali lako la kwanza ndo hilo, 1922.

Mi bibi yangu mzaa mama alikuwa anakaa kibarazani anasuka ukili, mtu akipita wanasalimiana vizuri tu wanacheka, akishapita bibi anainamisha kichwa ananong'ona, "mzalia yule." Nilidhani ni sifa. Nimekuja kuelewa mkubwa kwamba mzalia ni mtumwa aliyezaliwa nyumbani kwa bwana, hakununuliwa. Hiyo ni miaka mingi baada ya Uhuru! Sheria ilishafuta, ukili bado unasukwa.

Na hapa nataka nimjibu mzee wa kijiweni. Anaposema wazungu ndo waliotufunga minyororo, nusu kweli. Hapa pwani waliouza ni wengi, Waarabu wamo, Wahindi waliokopesha mtaji wamo, machifu wa bara wamo, na waungwana wa Kiswahili wamo, babu zetu hao. Wapagazi wengi waliobeba pembe hadi hapa walikuwa watu huru wa Unyamwezi wanaolipwa, na wapo wanaosema jina la mji ni la kwao, wamefika, wametua mzigo, wamebwaga moyo, sio la watumwa. Tukisema haki ni kitu cha wazungu tunawapa sifa ambayo sio yao na tunajifutia dhambi ambayo ni yetu, yote mawili kwa pumzi moja. Alafu neno lenyewe tulikuwa nalo, nani kakufundisha kusema mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni? Hakuna mzungu aliyetuletea hiyo.

Haya, zimeanzia wapi. Mi nimefika mahali kila karatasi ya haki naikagua kitu kimoja tu. Ikiandika "wote" nauliza, wote hao ni akina nani?

Aliyesema Uajemi anaongelea lile gogo dogo la udongo la mfalme Koreshi alipoiteka Babeli mwaka 539 kabla ya Kristo. Kopi yake ipo makao makuu ya Umoja wa Mataifa New York na watu wanaliita tamko la kwanza la haki za binadamu. Mi nasema hapana. Ni mfalme anajisifu kwamba karudisha miungu kwenye mahekalu yao na watu makwao, jambo jema, lakini kesho akiamka vibaya hakuna wa kumuuliza. Aliyesema Makka kanifurahisha zaidi, nadhani alimaanisha Hilful Fudhul, kile kiapo ambacho Mtume (SAW) alikuwepo akiwa kijana kabla ya utume, kisa mfanyabiashara kutoka Yemen kadhulumiwa pesa ya mali yake na mkubwa mmoja wa pale, na yeye mgeni hana ukoo wa kumtetea, watu wakakutana nyumbani kwa mtu wakaapa watasimama na aliyedhulumiwa. Kile hakikutoka kwa mfalme, watu wenyewe wamekubaliana, na waliyemtetea ni mgeni. Uingereza 1215, Mfalme John aliwekewa karatasi mbele yake pale Runnymede na mabwanyenye wenye hasira, ikasema mtu huru hafungwi ila kwa sheria. Mtu huru! Wakulima wengi wa kule hawakuwa watu huru. Na hata hao waliokuwemo, miezi mitatu haijaisha Papa kashaifuta kwa ombi la mfalme huyohuyo, ikaja kufufuliwa baadaye.

Marekani 1776 wakaandika watu wote wameumbwa sawa, na mwandishi mwenyewe Jefferson katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600. Ufaransa 1789 wakaandika watu huzaliwa huru na sawa, mwanamke mmoja Olympe de Gouges akasema mbona mmetuacha, 1791 akaandika la kwake la wanawake, 1793 wakamkata kichwa, na maandishi yake ya siasa ndo yaliyomponza.

Lakini Haiti. Hapa ndo ningependa ukae na wazee kijiweni mpaka kahawa ipoe.

Haiti wakati ule inaitwa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa, miwa na kahawa, watumwa karibu nusu milioni na wengi wao wamezaliwa huku Afrika sio kule. Agosti 1791 wakachoma mashamba. Wafaransa wamesema watu wote huzaliwa huru, haya, sisi sio watu? Wamepigana na wenye mashamba, wamepigana na Wahispania, na Waingereza, mpaka Paris tarehe 4 Februari 1794 ikakubali kufuta utumwa kwenye makoloni yake. Napoleon akaja kuurudisha 1802, akatuma jeshi kubwa, kiongozi wao Toussaint Louverture akakamatwa kwa hila akafia gerezani Ufaransa kwenye baridi, na jeshi lile likashindwa hata hivyo. Tarehe 1 Januari 1804 Dessalines, jenerali wake, akatangaza uhuru. Na 1825 Ufaransa ikawatoza faranga milioni 150 kama fidia, unaelewa, aliyefungwa ndo analipa fidia kwa aliyemfunga. Kwa hiyo mzee akisema karatasi ni ya mzungu mwambie sawa mzee wangu, karatasi yake, ila waliomlazimisha aisome kama alivyoiandika walikuwa weusi.

Nikimbie kidogo. Mwaka 1919 dunia inaunda lile Shirikisho la Mataifa, Japani ikaomba kiwekwe kipengele cha usawa wa mataifa na rangi, kura 11 kati ya 17 zikakubali, mwenyekiti Wilson wa Marekani akasema hapana, hii lazima wakubali wote. Neno letu lilelile, hapo limetumika kama komeo. Ikaja vita ya pili, Hitler kaua Wayahudi milioni sita, na ubaya ni kwamba mengi aliwafanyia raia wake mwenyewe kwa sheria alizozitunga, kwa hiyo ile hoja ya zamani kwamba mtu na raia wake ni mambo yake ya ndani ikafia pale. Mwaka 1945 Mkataba wa Umoja wa Mataifa ukataja haki za msingi za binadamu tangu utangulizi, na aliyeshika kalamu ya rasimu ya utangulizi ule alikuwa Smuts wa Afrika Kusini, ndiyo, Afrika Kusini ileile. Historia ina vituko.

Tamko lenyewe la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa likapitishwa Paris tarehe 10 Disemba 1948, vifungu 30, kura 48 ndiyo, hapana hakuna, nchi 8 hazikupiga upande wowote, Urusi ya Kisovieti na wenzie, Saudia, na Afrika Kusini. Waafrika waliosema ndiyo walikuwa watatu tu, Misri, Ethiopia na Liberia, sisi wengine tulikuwa mali ya watu. Mwenyekiti wa kamati iliyoandika alikuwa Eleanor Roosevelt, walikuwemo Malik wa Lebanoni, Chang wa China, Cassin wa Ufaransa, na mama mmoja wa India, Hansa Mehta. Huyu ndo nampenda. Rasimu ya Kiingereza ilikuwa inaanza na neno ambalo kwao ni "watu wote" lakini pia ni "wanaume wote". Wenzake wakamwambia inaeleweka tu kwamba wanawake wamo. Mehta akasema kuna nchi wataisoma kama ilivyoandikwa, na wanawake watabaki nje. Likabadilishwa. Sisi tusingeliona hata tatizo maana Kiswahili mtu ni mtu, lakini kumbuka masuria wa Unguja, waliobaki miaka 12 nje ya karatasi huku kila mtu anasema utumwa umeisha.

Na kifungu cha 2 kikasema haki hizi hazibagui hata kama nchi ya mtu haijitawali au iko chini ya udhamini. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Yaani sisi tumo, kwa maandishi, na hatukuwepo chumbani.

Nani aliijaribu hiyo karatasi? Wameru. Mwisho wa 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu watu kama 3,000 kule Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa, ili walowezi wazungu wafuge. Kirilo Japhet akatumwa na wenzie, 1952 akasimama New York mbele ya Umoja wa Mataifa na wakili wao Earle Seaton, akaeleza ng'ombe wamekufa na watu wamekufa. Ardhi hakurudi nayo. Alirudi na kitu kingine, alizunguka nchi akieleza kwamba kumbe kuna mahali gavana anaweza kushtakiwa, na tarehe 7 Machi 1955 Nyerere naye akaenda kwenye Baraza la Udhamini kusema hii nchi ni ya Waafrika na tunataka kujitawala. Wazee wako hapo kijiweni waulize, ahadi ya kwanza ya TANU walikuwa wanaiimba mstarini shuleni, binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja. Hiyo wameisahau wanasema haki za binadamu ni mambo ya wazungu?

Ila na sisi tulipoipata nchi tuliifungia kabatini. Ni kweli, lazima niseme. 1961 TANU ilikataa hati ya haki kuingia kwenye katiba, wakasema majaji wengi bado wakoloni na wataitumia kuzuia maendeleo, hoja ina uzito wake, lakini mwaka uliofuata 1962 ikatungwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi. Hati ya haki iliingia kwenye katiba 1984, na hata hapo serikali ikajipa miaka mitatu ya kujiweka sawa, hakuna mtu aliyeweza kuitumia mahakamani mpaka Machi 1988. Leo fungua ibara ya 12, binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa. Hesabu mwenyewe kutoka 1922.

Kwa hiyo wageni wako waanzishe na 1873 kama kawaida, waache watingishe vichwa, alafu uwaambie, hapo bado.

SWALI: Asalaam aleykum Mwalimu. Marehemu baba alituachia shamba la minazi upande wa Kaole, mirathi ilishagawanywa, fungu langu linajulikana na karatasi ninayo. Nataka kuuza kipande nimlipie binti yangu chuo, kaka yangu mkubwa anasema mwanamke hauzi ardhi ya ukoo, ni mila tangu zamani. Hizo haki za binadamu mnazoandika kila siku zinanisaidia nini mimi? Mama wa Magomeni.

JIBU: Waaleykum salaam dada yangu. Zinakusaidia, tena kwa kesi iliyokwisha kuamuliwa. Kulikuwa na mama mmoja wa Kagera, baba yake kamrithisha ardhi ya ukoo kwa wosia, uzeeni akaiuza kwa mtu wa nje kwa shilingi 300,000, mpwa wake akakimbilia mahakamani kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke analima anakula lakini hauzi. Mahakama ya mwanzo ikampa mpwa haki. Shauri likapanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza, na 1990 Jaji Mwalusanya akasema mila hiyo inambagua mwanamke, inapingana na ibara ya 13 ya katiba, na akalitaja lile Tamko la 1948 kwa jina humohumo kwenye hukumu. Hati ya haki ilikuwa ndo kwanza ina miaka miwili mahakamani! Alafu sheria mbili za ardhi za 1999 zikaandika wazi kwamba mwanamke ana haki sawasawa na mwanaume kupata ardhi, kuimiliki, kuitumia na kuamua cha kuifanyia.

Kwa vitendo sasa. Usiuze kwa siri, hilo ndo linaloleta mapanga. Mwambie kaka mbele ya watu wazima wawili kwamba unauza, akitaka yeye anunue kwanza, mpe muda. Akigoma, nendeni baraza la kata, ila ujue siku hizi baraza la kata linasuluhisha tu haliamui, la kuamua ni baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii wakuelekeze wasaidizi wa kisheria, tangu 2017 kuna sheria ya msaada wa kisheria na kwa asiye na uwezo hawatakiwi kudai hela. Ile karatasi ya mirathi itolee kopi hata tatu, yenyewe usimkabidhi mtu, hata akiwa mzuri vipi. Niliwahi kumkabidhi mtu mmoja ofisini hati ya kiwanja changu "aiangalie", niliifukuzia miezi minane.

SWALI: Mwalimu mbona watu wanadai haki tu, wajibu hawautaki? Mtoto ukimkanya anakujibu haki zangu. Baba Watano, Nianjema.

JIBU: Pole baba, watano wote wanakujibu hivyo? Wajibu upo. Tamko la 1948 kifungu cha 29 kinasema mtu ana wajibu kwa jamii yake. Katiba yetu ibara ya 25 mpaka 28 ni wajibu mtupu, kufanya kazi, kutii sheria, kulinda mali ya umma, kulinda nchi. Na Waafrika walipotunga Mkataba wao wa haki za binadamu, ulipitishwa Nairobi Juni 1981 na ukaanza kazi 1986, waliongeza kitu ambacho wengine hawakukiweka hivyo, kwamba mtu awaheshimu wazazi wake siku zote na awatunze wakiwa na shida. Kifungu cha 29 nacho, ni rahisi kukumbuka. Kiandike ukibandike sebuleni.

Ila nami nakuonya baba yangu, katika Tamko lile wajibu sio bei ya haki. Mtoto mtundu bado ana haki ya kula na kusoma. Watawala wengi wakitaka kunyima watu haki huwa wanaanza na hotuba ya wajibu, nimezisikiliza nyingi.

SWALI: Naomba kujua hilo Tamko lipo kwa Kiswahili, na linauzwa wapi. Mwanafunzi.

JIBU: Haliuzwi mwanangu, ni bure, limetafsiriwa kwa lugha zaidi ya 500 na Kiswahili kimo, ingia intaneti kwenye tovuti ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa utalikuta, kurasa chache tu. Kifungu cha 1 kinasema hivi: "Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa. Wote wamejaliwa akili na dhamiri, hivyo yapasa watendeane kindugu." Angalia hapo mwisho, Kiingereza chake kinaongelea undugu wa kiume, yaani yule Mehta alishinda mwanzo wa kifungu akashindwa mwisho wake, na mfasiri wetu kaandika kindugu, dada yumo na kaka yumo, wala hakuhangaika.

Kama huna bando, kopi yangu nimeiacha kwa kijana wa stesheneri hapo karibu na stendi, mwambie Mwalimu kasema, atakutolea. Bei ya kopi lipa mwenyewe.